Kijana Aliyeshindikana

Mzazi aliyechoshwa na mwanawe wa miaka 15 husema, "Huyu mtoto amenishinda." Ni kauli ya kweli tena ya unyenyekevu, maana anayekiri kushindwa ni mzazi mwenyewe. Lakini ikishapita kwa mjumbe, ikafika kwa mwalimu wa nidhamu na mwishowe ikaandikwa kwenye faili, inakuwa kauli nyingine. Sasa mtoto "ameshindikana". Aliyeshindwa ametoweka katika sentensi. Kilichobaki ni sifa ya mtoto, kama vile urefu wake au alama ya kuzaliwa. Na mtu aliyeshindikana hapangiwi mpango. Hutafutiwa mahali pa kumweka.

Makala hii inahusu mahali hapo. Kwa zaidi ya karne moja nchi nyingi zimekuwa zikiwatoa wavulana wakorofi majumbani na kuwakusanya bwenini, kwa matumaini kwamba watarudi wakiwa watu wengine. Mahali hapo pameitwa shule, kambi, koloni, hospitali. Nchini Marekani, ambako kazi hii imekuzwa, imefanyiwa utafiti na pia imeharibiwa kuliko kwingineko, siku hizi huitwa makazi ya tiba, na karibu kila makazi hutangaza kwamba kila kijana ana mpango wake peke yake. Nadhani kila kitu kimo ndani ya ahadi hiyo. Mpango ukiwa wa kweli, bweni laweza kumsaidia hata kijana aliyetenda mabaya makubwa. Ukiwa wa makaratasi tu, bweni lilelile humrudisha nyumbani akiwa mbaya kuliko alivyoondoka.

Hilo la pili halisemwi sana, kwa hiyo nianze nalo. Mwaka 1939 ulianza mradi katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts, uliobuniwa na daktari Richard Clarke Cabot. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili wanaofanana kwa umri, familia na mtaa. Katika kila jozi mmoja alipewa msaada na mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Waliosaidiwa walitembelewa nyumbani, wakafundishwa masomo, wakapelekwa kwa madaktari, na baadhi yao wakapelekwa kambi za likizo pamoja na wavulana wengine. Walipokuwa watu wazima, mtafiti Joan McCord aliwafuatilia. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1978 yaliwashtua watu wa fani hiyo: waliosaidiwa ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi katika ulevi, maradhi ya akili na kufa mapema. Alipoendelea kuchambua aligundua kwamba madhara yalijikusanya hasa kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja.

Kwa nini kambini? Jibu zuri kuliko yote nililosoma lilitoka jimbo la Oregon katika miaka ya 1990. Thomas Dishion na wenzake waliwarekodi kwa video wavulana wa miaka 13 na 14 wakizungumza na rafiki zao, dakika 25 tu, kisha wakahesabu vicheko. Wavulana watulivu walicheka mambo mengi, ya mpira, ya shule, ya kaka zao. Wale wakorofi walicheka rafiki alipotaja wizi, ugomvi au kumdanganya mwalimu. Akihamia jambo jingine, kicheko kilikatika. Hakuna aliyemfundisha mwenzake chochote kwa makusudi. Lakini kicheko kwa mvulana wa miaka 13 ni malipo makubwa kuliko cheti, na waliokuwa wakilipana hivyo ndio waliozidi kuharibika katika miaka iliyofuata. Sasa wachukue wavulana 40 wa namna hiyo, walaze chumba kimoja, mwachie mtumishi mmoja funguo, zima taa saa tatu. Umeanzisha chuo, na mtaala wake huujui.

Ndiyo maana nakataa wanaposema kwamba mpango wa mtu mmoja mmoja ni anasa ya nchi tajiri. Mpango ndio kinga dhidi ya bweni lenyewe. Ukishaamua kumkusanya mtoto na wenzake wenye shida, umemwongezea hatari ambayo hakuja nayo, na una deni la kumlipa kitu kinachoizidi hatari hiyo.

Na hatari haitoki kwa wenzake peke yao. Aprili 2020, katika makazi ya vijana mjini Kalamazoo, Michigan, kijana wa miaka 16 alirusha kipande cha mkate bwaloni. Alikuwa chini ya ulezi wa serikali baada ya kufiwa na mama yake. Watumishi walimwangusha wakamkandamiza sakafuni kwa zaidi ya dakika kumi. Siku chache baadaye alifariki, na mchunguzi wa maiti akaandika kwamba ameuawa. Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara nakwama kwenye ule mkate. Mkate uliotupwa chini huokotwa. Mtu humwendea kijana, humwita kwa jina, humtoa nje apunge upepo, na maswali huja baadaye. Ili mambo yaende hivyo, lazima watu wazima waliomo bwaloni wawe wamekaa mapema wakaulizana: huyu hasa, akipandwa na hasira, tumfanyeje, na nani amkaribie? Swali hilo halina jibu la jumla. Juni 2024 Kamati ya Fedha ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti baada ya kuzichunguza kampuni nne kubwa zinazoendesha makazi hayo, ikasema kwamba madhara kwa watoto yamo ndani ya namna biashara yenyewe inavyoendeshwa: majengo makubwa yajazwe, watumishi wawe wachache, gharama zibanwe. Desemba mwaka huohuo Marekani ilipata sheria ya kitaifa ya kuzuia unyanyasaji wa watoto katika taasisi. Imechelewa sana, lakini ipo.

Basi mpango wa kweli ukoje? Tumtunge kijana mmoja, tumwite Juma. Ana miaka 15. Faili lake linasema: mtukutu, mwizi, haheshimu wakubwa, amefukuzwa shule mbili. Mpango mbovu huandikwa siku anayofika, ofisini, na mtu ambaye hajala naye hata mlo mmoja: "Lengo: Juma aache ukorofi na awe na nidhamu. Njia: ushauri nasaha mara moja kwa wiki." Hapo hakuna uongo wowote, na hakuna Juma pia. Futa jina, andika Hassani, na karatasi inafaa vilevile. Mimi hupima mpango kwa njia hiyo: ukilifuta jina, je, aliyemjua kijana atamtambua?

Mpango mzuri huanza kwa kutazama. Wiki tatu za kwanza, kila Juma anapolipuka, mlezi aliyekuwepo anaandika mambo manne: saa ngapi, wapi, nini kilitangulia, nani alikuwepo. Haandiki "alikuwa mkaidi", anaandika "saa mbili na nusu usiku, bwenini, taa zilikuwa zinazimwa, alimsukuma Hassani aliyepita nyuma yake." Wiki tatu zikiisha wanakaa na daftari. Juma amelipuka mara 11. Mara nane ni usiku, kati ya kuosha vyombo na kulala. Mara tatu ni darasani, na zote tatu mwalimu alikuwa amemwambia asome kwa sauti. Katika karakana hajalipuka hata mara moja.

Sasa neno "mtukutu" limevunjika vipande viwili, na kila kipande kina njia yake. Wanampima kusoma, wanakuta anasoma kama mtoto wa darasa la pili. Kumbe zile shule mbili alikuwa anachagua kufukuzwa kwa ukorofi kuliko kuchekwa kwa ujinga, na kwa mvulana wa umri wake huo ni uchaguzi wenye akili kabisa. Kuhusu usiku, inachukua muda mrefu zaidi. Mwezi wa pili anamwambia mlezi, wakiwa wanamenya viazi, kwamba baba wa kambo alikuwa anarudi usiku, na yeye Juma alilala karibu na mlango ili apigwe yeye badala ya mdogo wake. Hapo mtu akipita nyuma yake gizani, mwili wake hautofautishi kati ya Hassani na yule mzee.

Karatasi sasa inaandikwa upya. Mwalimu mmoja atamfundisha kusoma dakika 40 kila asubuhi, faraghani, na kwa sasa asiambiwe kusoma mbele ya darasa. Kitanda kinahamishiwa ukutani, mgongo wake usielekee njia. Taa ndogo inabaki ikiwaka. Mlezi wa zamu ya usiku ni yuleyule kwa siku tano za wiki. Mwanasaikolojia anaanza naye tiba ya kiwewe, taratibu, kwanza kumfundisha kutambua mwili unapoanza kupanda, vidole, taya, pumzi, kisha ndipo kulisimulia lile lililotokea. Wanakubaliana ishara: akiweka mkono kifuani, anaruhusiwa kutoka nje bila kuulizwa, na mtumishi yeyote aliye zamu anaijua. Lengo haliwi tena "awe na nidhamu". Ni kwamba kufikia mwisho wa mwezi wa tatu, awe ametumia ishara hiyo kabla ya kulipuka angalau nusu ya mara. Hilo linahesabika, na wasipolifikia, kinachobadilishwa kwanza ni mpango.

Na juu kabisa ya karatasi kuna mstari ambao katika mipango mingi haupo: Juma mwenyewe anataka nini. Anataka kuwa fundi pikipiki na anataka kumwona mdogo wake. Ungedhani ni mambo madogo kando ya kiwewe na kusoma. Bila hayo, mengine yote ni kazi anayofanyiwa yeye na wengine, naye atakaa akingoja iishe.

Mwanasaikolojia wa Marekani Ross Greene amejenga kazi yake yote juu ya wazo kwamba mtoto akiweza kufanya vizuri hufanya. Asipofanya, kuna kitu hajaweza bado. Wapo wanaoliona wazo hili kuwa la kudekeza. Mimi naliona gumu, kwa sababu linamnyima mtu mzima njia rahisi ya kusema "hataki" na kwenda zake. Sisi tuna methali ya samaki mkunje angali mbichi, na wengi huitaja wanapompeleka mtoto mahali pa kunyooshwa. Lakini samaki wa methali amekwisha kufa. Kijana ukimkunja anakumbuka, na ana miaka 50 mbele yake ya kukumbuka.

Historia ya fani hii ina watu walioliona jambo hilo mapema. August Aichhorn wa Vienna, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu, aliwakusanya wavulana 12 wakali kuliko wote katika taasisi aliyoiongoza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Akawaagiza walezi wasiadhibu, wazuie tu watu wasiumizane. Wavulana walivunja vyombo na samani, wakazidi kupandisha ukali, hadi ukafika mahali hauna pa kwenda, wakaanza kulia. Kitabu chake cha mwaka 1925 kiliandikiwa dibaji na Sigmund Freud. Sishauri mtu aige jaribio lile leo. Lililonigusa ni dhana iliyokuwa nyuma yake, kwamba ule ukali ulikuwa ukimuuliza mtu mzima swali, na kila kiboko kilikuwa jibu walilolizoea. Fritz Redl, aliyetoka Vienna hiyohiyo akahamia Marekani, alifungua nyumba ndogo ya wavulana mjini Detroit mwaka 1946. Huko alijifunza kwamba mazungumzo yenye kutibu zaidi hayafanyiki kwa miadi. Yanafanyika palepale ugomvi ulipotokea, vumbi halijatua, na anayeyafanya ni mtu aliyekuwepo. Nyumba ile haikudumu hata miaka mitatu, fedha zilikwisha.

Mwaka 1969 Albert Trieschman, James Whittaker na Larry Brendtro walitoa kitabu ambacho jina lake lina maana ya saa nyingine 23. Hesabu yake ni rahisi. Mtaalamu mwenye shahada huwa na kijana saa moja kwa siku, tena ikiwa makazi ni tajiri. Saa nyingine 23 ni za kuamka, kuoga, kula, kugombana, kurushiana maneno, kukosa usingizi, na katika saa hizo anayekuwa naye ni mlezi. Mlezi ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote, ndiye asiyeitwa kwenye kikao, na mara nyingi hajaruhusiwa kulisoma faili. Kama mpango wa Juma umefungiwa kabatini kwa mwanasaikolojia, basi Juma hana mpango kuanzia saa kumi na moja jioni hadi asubuhi, na tumeshaona kwamba shida yake ni ya usiku. Ningepewa fedha za kutengeneza jambo moja tu katika bweni lolote, ningezitia hapo: mafunzo, mshahara na kiti cha mlezi kikaoni.

Jimbo la Missouri lilifanya karibu hivyo. Huko Boonville, kando ya mto, kulikuwa na shule ya marekebisho ya wavulana iliyofunguliwa mwaka 1889, kubwa, yenye mamia ya vijana na sifa mbaya ya vipigo. Mwaka 1983 ilifungwa. Majengo yakapewa magereza ya watu wazima, na nadhani hilo linatosha kueleza yalifaa kwa kazi gani tangu mwanzo. Badala yake jimbo lilitawanya vituo vidogo katika kanda zake, kila kijana akae karibu na kwao. Vijana wanaishi katika vikundi vya 10 hadi 12, kundi lilelile kwa chakula, darasa na mazungumzo ya jioni, na watumishi ni waliosomea malezi ya vijana badala ya walinzi wenye pingu. Mratibu mmoja anamshika kijana tangu siku ya hukumu, wakati wote wa bweni, hadi baada ya kurudi nyumbani. Tathmini ya mwaka 2010 iliyotolewa na Wakfu wa Annie E. Casey ilionyesha kwamba kati ya waliotoka mwaka 2005, chini ya mmoja katika kumi walikuwa wamehukumiwa kifungo cha watu wazima ndani ya miaka mitatu, wakati katika majimbo kadhaa yaliyolinganishwa idadi ilikuwa maradufu au zaidi. Kulinganisha majimbo kuna mashaka yake, kwa kuwa kila moja linakamata na kuhesabu kwa namna yake, na hakuna aliyepiga kura kuamua nani aende wapi. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza.

Msomaji makini atauliza: Missouri inatibu kwa kundi, na Dishion ametuonya kuhusu kundi. Imekuwaje? Naona jibu liko katika swali la kundi liko pamoja na nani. Kicheko kile cha Oregon kilikuwa cha wavulana peke yao. Missouri mtu mzima yumo katika duara muda wote, anayemjua kila mmoja, na utani wa wizi ukitupwa haupati kicheko, unapata swali. Kundi limegeuzwa kuwa sehemu ya mpango wa kila kijana. Kundi lisilo na mtu mzima wa namna hiyo linabaki genge, hata likikaa kwenye viti vilivyopangwa mviringo.

Mfano mwingine ni wa vijana ambao hata Missouri ingewaogopa. Mwaka 1995 kilifunguliwa kituo cha vijana katika hospitali ya akili ya Mendota, mjini Madison, Wisconsin. Kinapokea wavulana ambao magereza ya watoto yameshindwa kuwatuliza. Michael Caldwell na Gregory Van Rybroek waliona kwamba kila mmoja wao ameingia katika mvutano na mamlaka: anakaidi, anaadhibiwa, adhabu inamfanya akaidi zaidi, adhabu inaongezwa, mpaka pande zote mbili hazina tena kitu kingine cha kupoteza. Kazi ya kituo ni kulegeza mvutano huo. Wana utaratibu ambao naupenda kwa wepesi wake: mwenendo wa leo unaamua nafasi anazopata kesho, na kesho kutwa inaanza upya. Linganisha na makazi mengi yenye ngazi na pointi, ambako kijana akikosea Jumatatu anateremshwa hadi ngazi ya chini na itamchukua mwezi kupanda. Kijana aliyekwisha kupoteza mwezi hana sababu ya kutulia Jumanne.

Katika utafiti mmoja, vijana 101 waliotibiwa Mendota walilinganishwa na 101 waliofanana nao ambao walirudishwa kwenye utaratibu wa kawaida. Miaka iliyofuata, wale wa kundi la pili waliua watu 16. Waliotibiwa hawakuua hata mmoja. Kwa siku moja Mendota ni ghali kuliko gereza, lakini hesabu iliyochapishwa mwaka 2006 ilionyesha kwamba kila dola iliyoongezwa iliokoa zaidi ya dola saba. Na vijana hao ndio walioandikiwa kwenye faili kwamba wameshindikana.

Pamoja na hayo yote, swali la kwanza kabla ya kumfungia kijana begi libaki hili: lazima aondoke nyumbani? Scott Henggeler na wenzake walijenga tiba ambayo inamfuata kijana kwake. Mtaalamu anashika familia chache tu, anapatikana usiku na mchana, anaketi jikoni na mama kupanga nani atamwamsha mtoto kwenda shule na nani atazungumza na mjomba. Kwa wengi hilo linatosha. Bweni libaki kwa yule ambaye nyumbani ndiko anakopigwa, au ambaye usiku wa leo anaweza kujiua au kuua. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 kuhusu huduma za familia inasukuma upande huo: ili serikali kuu ichangie gharama za makazi ya tiba, kijana lazima atathminiwe ndani ya siku 30, familia ishirikishwe, na akitoka afuatiliwe kwa angalau miezi sita. Miezi hiyo sita ndiyo ninayoitilia mkazo. Mabadiliko ya bwenini ni ya bwenini. Juma anaweza kuwa malaika kando ya taa yake ndogo na mlezi wake yuleyule. Swali ni atalala wapi katika nyumba ambayo baba wa kambo bado ana ufunguo.

Waswahili wa pwani walilijua hili kwa njia yao. Kumbini, jando lilipokuwa jando, wavulana walitolewa majumbani wakakaa pamoja, kwa hiyo lilikuwa bweni. Lakini mwari alikuwa na kungwi wake, mtu mzima anayemjua na aliyebaki kumjua baada ya hapo. Na siku ya kutoka ilikuwa kubwa kuliko ya kuingia: mtaa mzima ulijua fulani anarudi, kwa jina, kwa ukoo, na kwamba nafasi yake imetandikwa. Silipambi jando, lilikuwa na maumivu na ukali wake. Ila yule mtu mmoja na ile siku ya kurudi ndivyo vitu viwili ambavyo taasisi zetu za leo zimevipoteza kwanza.

Kwetu Afrika Mashariki taasisi hizo zilizaliwa chini ya ukoloni, na zilibeba kusudi la kikoloni. Wamumu, nchini Kenya, ilianza katikati ya miaka ya 1950 kama kambi ya vijana waliokamatwa wakati wa Mau Mau. Leo ni shule ya kurekebisha tabia. Mazuri yapo. Getathuru, Nairobi, watoto hupokelewa na kutathminiwa kabla ya kugawiwa shule nyingine, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12. Lakini kijana anayepelekwa kwenye taasisi za vijana za Shimo la Tewa au Shikusa huenda na kipindi cha hadi miaka mitatu kilichotajwa mahakamani, kabla hajakaa huko ikaonekana kama anahitaji miezi sita tu au muda mrefu zaidi. Muda umekuja kwanza, sababu itatafutwa baadaye.

Tanzania ina mbegu nzuri ndani ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Afisa ustawi wa jamii huandaa taarifa ya mtoto na mazingira yake ili mahakama iamue ikimjua. Taarifa hiyo ikiandikwa kwa uangalifu, na isiishie kwenye jalada la mahakama bali isafiri na mtoto, nusu ya mpango imeshapatikana: nani anaishi nyumbani, shule ilivunjika lini, bibi yuko wapi. Kinachokwamisha ni umbali. Shule ya maadilisho ni moja, Irambo, mkoani Mbeya. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na mtoto wa Tanga au Mtwara yuko mbali zaidi ya hapo. Missouri ilitawanya vituo ili mama afike Jumapili na kurudi jioni. Mama anayeuza maandazi Mbagala jijini Dar es Salaam, na hapo nyumbani ameacha wadogo wengine watatu, akienda Irambo atalipa nauli ya kwenda na kurudi, atalala njiani au stendi, na atapoteza biashara ya siku tatu au nne. Hawezi kwenda kila mwezi. Mama wengi kama yeye hawawezi hata mara moja kwa mwaka, kisha afisa anaandika kwamba familia haitoi ushirikiano.

Kujenga vituo vidogo kila kanda kutachukua miaka, na natamani vijengwe. Lakini kuna mstari unaoweza kuongezwa kwenye karatasi ya kila kijana aliyeko Irambo wiki hii, chini ya tiba, masomo na ufundi, wenye safu tatu: kitu gani, nani anahusika, lini. Kitu gani: nauli ya mama. Nani: ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya anakotoka mtoto. Lini: kabla ya mwezi wa pili kwisha, na tena kabla hajatoka, ili waliokaa chini kupanga atakapolala akirudi wawe watatu, afisa, mama, na kijana mwenyewe.